Kulia Ziwa, Kushoto Mlima

Mtu akirudi kutoka safari, majirani humwuliza amewaletea nini. Bibi hakumwuliza mtu hivyo hata siku moja. Alifungua mlango wake wa nyuma, akakutazama kuanzia viatu hadi kofia, akamshukuru Mungu kwamba umefika, kisha akakuvutia kigoda. Ukishakaa tu, swali lake lilikuwa lilelile.

"Haya. Dirishani uliona nini?"

Nilikuwa jirani yake miaka tisa, huko Jeddah, mtaa wa Al-Safa. Mimi nilikuwa dereva wa familia moja, na chumba changu kilikuwa kando ya geti. Mlango wa jiko la Bibi ulitazamana na dirisha langu, katikati pana uchochoro tu. Jina lake ninalijua lakini sitalitaja, kwa kuwa hakuna aliyelitumia. Sisi Wakenya wa mtaa ule tulimwita Bibi, na watoto wa Kiarabu waliokuwa wakicheza mpira uchochoroni walimwita Bibi vilevile, wakidhani ndilo jina alilopewa na wazazi wake. Alikuwa Mzanzibari wa zile familia zilizohamia huko zamani. Kiarabu chake kilikuwa cha Jeddah kabisa, hata mwenye duka la pembeni hakuweza kumtofautisha na mama yake mzazi. Lakini ndani ya jiko lake lugha ilikuwa Kiswahili tu, na si Kiswahili chochote.

Siku ya kwanza alinipa sambusa nikaionja nikasema, "Hii kitu ni tamu sana." Akaichukua sambusa mkononi mwangu, ikiwa imebaki nusu.

"Kitu hiki ni kitamu," akasema. "Sema, nikupe."

Nikasema. Akanirudishia. Tangu siku hiyo nilikuwa nikipanga maneno yangu kichwani kabla sijavuka uchochoro.

Kazi yake ilikuwa chakula cha safari. Watu wa kwetu waliokuwa wakienda likizo, na Wazanzibari waliokuwa wakienda kuona jamaa, walipitia kwake kuchukua kitu cha njiani. Hakupika mpaka ajue unatoka uwanja gani kwenda uwanja gani, utakaa saa ngapi hewani, na kama kuna mahali utashushwa ungoje. Kama hukujua, alinipigia kelele kutoka ng'ambo ya uchochoro nimtazamie kwenye simu. Nikamsomea: Jeddah mpaka Riyadh, kilomita mia nane na hamsini hivi, saa moja na robo tatu. Basi hizo ni sambusa za nyama, zitafika zingali vuguvugu. Jeddah mpaka Nairobi, saa nne. Huo ni mkate wa kumimina, ufungwe ndani ya kitambaa, usifungwe kwenye plastiki ukatoa jasho. Wale waliokuwa na safari ya kuzungukazunguka, ya kungoja nusu siku katika mji wa watu, aliwafungia visheti, akawaambia visheti havijui saa.

Niliwahi kumwuliza kwa nini hapiki kitu kimoja kwa wote ili apumzike. Akasema mtu akila chakula kilichopoa vibaya hewani, atawaza alikotoka vibaya. Halafu akanituma nikamjazie mtungi wa gesi.

Lakini alichokuwa akikitaka hasa kutoka kwa watu hao ni madirisha. Ukirudi ulikuwa na wajibu wa kuja kusimulia ulichokiona chini, na kulikuwa na masharti. Kwanza useme ulikaa upande gani. Pili useme mlikuwa mmeruka kwa muda gani. Tatu, usimwambie ilikuwa nzuri.

"Uzuri ni wako, baki nao," alikuwa akisema. "Mie n'ambie ulichokiona."

Kijana mmoja mlinzi, mcheshi, alimwambia amewaona simba wakilala chini ya mti. Bibi akamfungia sambusa zake kwa utaratibu, akamkabidhi, akamwambia akazile chumbani kwake. Hakumkaripia. Lakini miezi mitatu ilipita kabla hajamvutia kigoda tena, na kijana yule aliyekuwa hajui kunyamaza alikuwa akipita mlango ule ameinamisha kichwa kama mtu aliyeibiwa viatu msikitini.

Mwingine alikuwa mama wa Embu aliyekuwa akifagia kwenye jengo la ofisi, akiishi Karantina, huko kusini ya mji. Alikuja akiona haya. Alisema yeye hana la kusimulia, walimkalisha juu ya bawa, na safari nzima hakuona ila bawa. Bibi akaacha alichokuwa akikifanya. Akamwuliza bawa lilikuwaje. Yule mama akafikiri, akasema ncha yake ilikuwa ikitetemeka, kidogokidogo, kama sikio la ng'ombe anapofukuza nzi. Bibi akamfanya aeleze mara mbili. Wiki nzima aliwaambia wateja wake, "Kumbe bawa hutikisika," kama mtu aliyepata habari za ndugu.

Kwa vipande hivyo alikuwa ameiunga njia yote. Kwanza bahari, yenye miamba chini ya maji, kijani kama chupa. Kisha pwani kavu na milima isiyo na kitu. Kisha Uhabeshi, mashamba viraka viraka juu ya milima, na mabonde yaliyochimbika mpaka huoni mwisho wake. Kulia, ziwa kubwa lenye visiwa. Baadaye kushoto, maziwa madogo yaliyofuatana, moja lao jekundu kama chai ya maziwa. Kisha kulia tena, ziwa refu, peke yake jangwani. Mwisho kabisa, kushoto, mlima wa kwetu wenye theluji, ambao chini yake kuna Nanyuki, na ndani ya Nanyuki kuna nyumba ya mama yangu.

Kulikuwa na ndege iliyokuwa ikiondoka mchana, baada ya Adhuhuri. Mtu wetu akisafiri na ndege hiyo, Bibi alikuwa akimsindikiza akiwa palepale jikoni. Aliketi na sinia ya mchele, akichagua vijiwe, saa ya ukutani ikiwa mbele yake. Siku ambazo bosi hakunihitaji nilivuka nikaketi naye. Mashine ya kupoza hewa ilikuwa ya zamani, ikivuma mvumo mmoja usiokatika. Pazia lilikuwa limeshushwa kwa sababu ya jua. Bibi alichagua mchele muda mrefu, kisha akasema, bila kuinua macho, "Sasa wameiacha bahari." Mchele ukaendelea kuteleza chini ya vidole vyake. "Sasa wako juu ya mabonde. Aliye kulia atazame." Nilikuwa nikisinzia. Mara nyingine, kati ya usingizi na macho, niliona kama jiko limeinama upande kidogo, na vikombe ukutani vimeinama pamoja nalo, na chini ya miguu yangu mna mawingu yanapita polepole, na chini ya mawingu mwanamke asiyenijua anaanika nguo. Nikazinduka, nikamkuta Bibi amefika kwenye ziwa jekundu.

Alipomaliza alisema, "Wameshuka," akasimama, akaosha sinia. Baada ya nusu saa simu yangu ilikuwa ikilia ujumbe kutoka kwa mwenzangu: nimefika salama. Sikuwa na haja ya kumsomea.

Kwa hiyo mnaweza kuelewa kwa nini nilidhani amesafiri kwa ndege mara nyingi. Sote tulidhani hivyo. Nilikuwa naye mwaka wa tatu nilipomwuliza, katika mazungumzo tu, mara ya mwisho alipanda ndege lini.

"Mie?" akasema. "Mie sijapanda ndege. Mie nilikuja kwa meli."

Nilicheka. Hakucheka. Akaniuliza kama nataka chai.

Sababu alizitoa kwa miaka, kidogokidogo, na si mara zote zilikuwa zilezile. Alisema ni masikio. Alisema ni magoti. Lakini niliyoyapata kwa kuyaunganisha ni haya. Miaka ya mwanzo, karatasi zao zilikuwa mikononi mwa kafili, yule tajiri aliyemdhamini mumewe, na aliyetoka hakuwa na uhakika wa kurudi. Wakaona wenzao wawili wakienda kuzika wazazi na kubaki hukohuko, watoto wao wakiwa Jeddah. Basi wakakaa. Baadaye watoto wakakua, mume akafariki, karatasi zikanyooka, na hakukuwa tena na mtu wa kumzuia. Ndipo likabaki jambo la mdogo wake.

Mdogo wake alikuwa Unguja, katika nyumba waliyolelewa. Walizungumza kila Ijumaa baada ya Alasiri, simu ikiwa imeegemezwa kwenye kopo la sukari, na uchochoro wote ulisikia. Walikuwa na ugomvi mmoja, wa miaka mingi, walioupenda. Mdogo alisema aliyeondoka ndiye anayerudi. Bibi alisema mdogo ndiye humfuata mkubwa. Mdogo akasema njia ni ileile, njoo. Bibi akasema kama njia ni ileile, njoo wewe, na Maka iko hapa nyuma ya nyumba, utapata na thawabu. Wakacheka mpaka wakakohoa. Lakini hakuna aliyekuja wala aliyekwenda, na nilipoendelea kuwasikiliza niligundua kwamba chini ya kicheko kila mmoja alikuwa akingoja kweli.

Bibi huyohuyo alikuwa mkali kwa watu wasioenda kwao. Mlinzi mmoja alikaa miaka minne bila likizo, akisema atakwenda akimaliza kujenga. Bibi alimwambia watoto wake wataingia kwenye nyumba hiyo wakamwulize yeye ni nani. Nilimkumbusha kwa upole kwamba yeye mwenyewe hajarudi kwao miaka yote. Akaniambia nisichanganye mambo.

Siku moja niliupima mwenyewe umbali wa kwao, bila kutumwa. Nikaona jambo lililonishangaza, nikavuka uchochoro mbio na simu mkononi. Nikamwambia, Bibi, uwanja wa Jeddah na uwanja wa Unguja viko takriban katika mstari mmoja. Ni kusini moja kwa moja, kilomita elfu tatu na mia moja hivi. Ndege ikinyoosha bila kutua ni saa nne na nusu. Hata saa za ukutani ni zilezile.

Alikuwa akikanda unga. Hakuonyesha kushangaa.

"Nalijua hilo," akasema. "Hapa nikielekea Maka kusali, kwetu kuko bega la kulia. Nikitoa salamu nawaanza wao." Akaugeuza unga, akaupiga chini. "Na wao huko wanaelekea kaskazini. Mdogo wangu akisali, ananitazama mie."

Sikumpimia tena umbali ule mpaka aliponiomba.

Mwaka wa tano mama yangu aliugua. Dada yangu alipiga simu asubuhi, sauti yake ikiwa imekauka, akaniambia nikiweza nije, na nikija nisichelewe. Saa nne hewani, nilikuwa nikizijua kama jina langu. Lakini bosi ndiye aliyekuwa na ruhusa yangu ya kutoka na kurudi. Anaibonyeza kwenye simu yake, au haibonyezi. Yeye mwenyewe alikuwa Riyadh kikazi, akasema nizungumze na madam. Madam hakuwa mtu mbaya. Alisema wiki mbili zijazo ni za mitihani ya watoto, hakuna wa kuwapeleka, baada ya mitihani nitakwenda inshallah. Nikaenda kukaa kwenye gari, mikono kwenye usukani, gari halijawashwa.

Bibi alinikuta hapo. Nilimweleza kwa maneno machache. Alirudi kwake, akatoka amevaa abaya yake nzuri na bakuli lililofunikwa kitambaa, akabisha hodi kwa madam mlango wa mbele, mlango ambao sikuwahi kumwona akiutumia. Alikaa huko muda mrefu. Mfanyakazi wa ndani, Mfilipino, ndiye aliyenisimulia baadaye. Alisema Bibi alikunywa kahawa, akauliza habari za mama yake madam, akasifu mapazia, hakuwa na haraka. Kisha akasema, kwa sauti ileile ya kusifu mapazia, kwamba mtoto akikosa mtihani shule humpangia siku nyingine, lakini mama wa dereva hana siku nyingine ya kupangiwa.

Kabla ya Magharibi ruhusa ilikuwa kwenye simu yangu. Watoto walipelekwa mitihani na mjomba wao.

Nilimkuta mama akiwa hai. Alinijua. Aliniambia nimekonda, akamwambia dada yangu anipikie. Aliishi siku mbili. Tulimzika kwenye shamba, mlima ukiwa umefunikwa na mawingu siku hiyo na siku zote nilizokuwa huko, kama haukuwepo.

Niliporudi, kigoda kilikuwa kinaningoja. Bibi alinipa pole, akanishika mikono yote miwili kwa muda. Kisha akaniacha niseme ninalotaka. Hakuuliza swali lake. Lakini mimi nilijiona nina deni, kwa yote aliyonifanyia, nikaanza kumsimulia. Nikamwambia wakati wa kwenda nilikaa dirishani, upande wa kulia. Hiyo ilikuwa kweli. Nikamwambia tulipokaribia Nairobi niliuona mlima, mweupe, umesimama peke yake juu ya mawingu, jua limeupiga, na nikajua mama ananingoja. Hiyo haikuwa kweli. Safari nzima nilikuwa nimelaza uso juu ya mikono yangu, na sikuinua kichwa mpaka magurudumu yalipogusa chini.

Bibi alisikiliza mpaka mwisho. Akasema, "Ahsante, mwanangu."

Ilipita karibu mwaka kabla sijatambua. Alikuwa akimsindikiza mtu na sinia yake ya mchele, nikamsikia akisema, "Aliye kushoto atazame mlima." Mlima uko kushoto. Mtu aliyekaa kulia hauoni. Nami, mtoto wa Nanyuki, ndiye niliyeuhamisha, tena mbele ya mtu aliyemnyima kigoda mwenzangu miezi mitatu kwa sababu ya simba.

Nilimwomba msamaha. Nilimwambia nilidanganya na yeye alijua.

"Ile niliiweka mbali," akasema. "Sikuichanganya na za watu. Ile haikuwa ya ndegeni, ilikuwa ya mamako." Akaendelea kuchagua mchele.

Mdogo wake alifariki siku ya Ijumaa. Simu ililia kabla ya wakati wake, na Bibi alifikiri mdogo wake hana subira leo, akaipokea kwa utani. Aliyepiga alikuwa mpwa wake. Nilisikia utani ukikatika. Nilipofika mlangoni alikuwa amekaa kwenye kile kigoda cha wageni, simu mapajani, na jiko linawaka. Nikalizima. Akaniambia, kwa utulivu, kwamba amefariki alfajiri usingizini, na wanazika baada ya sala ya Ijumaa.

Tukakaa. Akasema, "Nitazamie."

Nilijua anataka nini. Nikatafuta, nikamwambia, "Saa nne na nusu, Bibi."

Akatazama saa ya ukutani. Ilikuwa imebaki chini ya saa mbili watu watoke msikitini.

"Bado ni ileile," akasema.

Jamaa zake walikuja, wakasoma dua, wakala, wakaondoka. Siku arobaini hakuwasha jiko la biashara. Alipoliwasha tena, chakula kilikuwa kilekile, mkate wa kumimina ukiwa laini kama zamani, na bado aliuliza uwanja gani kwenda uwanja gani. Lakini watu waliporudi kutoka safari hakuwauliza waliona nini. Wengi walikuja na kusimama hapo mlangoni, wamebeba madirisha yao, hawajui wayaweke wapi. Yule mama wa Embu alikuja na habari kwamba safari hii hakuwekwa juu ya bawa, ameona mengi. Bibi akamwambia ale kwanza. Mimi nilirudi likizo yangu nikiwa nimekaa kushoto, nikiwa nimeuona mlima kwa macho yangu. Nikaanza kusema. Akaniambia, "Kula kwanza, mwanangu," na baada ya kula akaniuliza kama kwetu mvua imenyesha.

Hakuwa amenuna. Alicheka na watu, alinisahihisha Kiswahili. Ni kama mtu aliyekuwa akisoma kitabu kila siku akakifunga, na hakukitupa wala hakukilaumu. Alasiri za Ijumaa kopo la sukari lilikaa peke yake mezani.

Mwaka uliofuata familia niliyoifanyia kazi haikuhitaji tena dereva, nikapata kazi kwa watu wengine, Riyadh. Bibi alinifungia sambusa za nyama. Nilizila hewani zingali vuguvugu, na nilitazama chini njia nzima: mchanga, mchanga, barabara moja nyembamba, mchanga. Sikuwa na wa kumsimulia.

Riyadh ni mji mkavu, na watu wake wanakaa mbalimbali. Ijumaa nilikuwa nikienda sokoni Batha, kama kila mtu asiye na jamaa, kununua sabuni na kusikia lugha ya kwetu. Bibi nilimpigia mara kwa mara. Alilalamika kwamba macho yanamtia ukungu, tundu la sindano halioni, na mchele anauchagua kwa vidole. Alikuwa na mjukuu, muuguzi katika hospitali ya Riyadh, na huyo ndiye aliyemlazimisha aje afanyiwe upasuaji. Siku ya kuwasili mjukuu alikuwa zamu. Akanipigia simu, akaniuliza kwa adabu kama ninaweza kumpokea bibi yake uwanja wa ndege. Nilimwomba bosi ruhusa, na alinipa gari.

Nilifika mapema sana. Nilisimama pale wanapotokea abiria nikiwa nimevaa shati la kanisani. Watu walitoka, makundi kwa makundi, nikaanza kuhofu. Kisha nikamwona. Hakuwa kwenye kiti cha magurudumu. Alikuwa akitembea polepole, amevaa ile abaya nzuri, na pembeni yake kulikuwa na mwanamke Mwafrika wa miaka kama thelathini na mitano, begi dogo mgongoni, bahasha ya karatasi kifuani. Wameshikana mikono. Nilidhani yeye ndiye anayemsaidia Bibi.

"Umenenepa," Bibi akaniambia, ingawa sijui aliona nini. Nikamwamkia, nikachukua mfuko wake, nikasema gari liko karibu.

"Hatuondoki," akasema. "Huyu mwenyeji wake hajafika."

Yule mwanamke alitoka Kakamega. Alikuwa ameondoka Nairobi asubuhi, akabadilisha ndege Jeddah, na Riyadh alikuwa anakuja kufanya kazi za ndani katika nyumba ambayo hakuijua. Kwenye bahasha yake kulikuwa na nambari ya simu moja. Nilipiga. Haikupokelewa. Nikamwambia Bibi mjukuu wake anamsubiri, hospitali wanamsubiri, na kuna ofisi hapo ya kuwasaidia wageni, tunaweza kumwacha nao. Bibi aliketi kwenye kiti cha chuma na kumketisha yule mwanamke ubavuni mwake.

Tulikaa saa tatu, zaidi ya muda wa ndege yenyewe. Bibi alisinzia kidogo akiwa ameketi wima. Yule mwanamke akanieleza, kwa sauti ya chini asimwamshe, kwamba hajui kama angefika bila huyu mama. Ndege ya kwanza ilikuwa imetikiswa sana mawinguni, akadhani wanakufa, na aliingia kwenye ya pili akiwa na hofu ileile. Wakamkalisha karibu na huyu mama mzee aliyekuwa dirishani. Ndege ilipoinuka akaiona ardhi inazama, akaanza kulia kwa sauti, akaona aibu.

"Huyu mama akavuta kile kifuniko, akafunga dirisha," akasema. "Akanishika mkono, akaniuliza watoto wangu wanaitwa nani, mmoja mmoja, na wanapenda kula nini. Hakuniacha. Hakufungua tena mpaka tukashuka."

Nilimtazama Bibi. Kidevu chake kilikuwa kimelala kifuani. Ilikuwa ndege yake ya kwanza, na yule mwanamke hakujua.

Madam wa yule mwanamke alikuja akikimbia, amechoka, simu yake ilikuwa imeisha chaji tangu mchana. Aliomba radhi kwa kila mtu. Yule mwanamke akasimama, akaanza kujitengeneza kitambaa kichwani. Bibi naye akainuka, akamsalimia madam kwa Kiarabu kile cha Jeddah, akamwuliza anaishi mtaa gani, nyumba ina rangi gani, na kama ana watoto Mungu awahifadhi. Kisha akamwambia, akimshika yule mwanamke kiwiko, "Huyu ana watu hapa." Akanionyesha kwa kidevu. "Yule ni ndugu yake."

Madam akanitazama. Nikaweka mkono kifuani, nikamtajia jina langu.

Ndani ya gari Bibi alikaa mbele, mkanda umemkaa shingoni, nikausogeza. Akaniuliza kutoka ninapokaa mpaka mtaa ule ni mbali gani. Nikasema dakika ishirini na tano kama hakuna foleni.

"Ijumaa utakwenda."

"Nitakwenda, Bibi. Lakini hawatanikaribisha ndani."

"Si lazima uingie. Simama getini, wakuone."

Kisha akalala njia nzima.

Ijumaa nilikwenda. Nikabonyeza kengele, nikasubiri juani. Yule mwanamke alikuja mpaka getini, mikono yake ina unga, na kabla hatujasalimiana akauliza habari za Bibi. Nikamwambia jicho la kwanza limeshafanywa, jana amefunguliwa kitambaa, akanitazama muda mrefu, na jambo la kwanza alilosema ni kwamba nimeota mvi. Akacheka mpaka akajipaka unga usoni. Nyuma yake madam alikuwa amesimama mlangoni, anatutazama. Nikainua mkono, nikauacha juu. Baada ya kitambo naye akainua wake.